Kumbukumbu za utotoni kuhusu bibi: nizichuje vipi, na miaka niipate wapi?

Mjukuu_Mwandishi

Salaam wakuu. Ninaandika historia ya familia na sasa nimefika kwa bibi mzaa mama, ambaye ni marehemu. Malighafi niliyo nayo ni hii: kumbukumbu zangu za utotoni (tangu miaka mitatu hivi hadi kumi na miwili), kumbukumbu za wajukuu wenzangu watano, bibi mdogo mmoja ambaye bado yupo (mdogo wake marehemu, anakadiriwa kuwa na miaka 82, masikio mazito lakini akili timamu), picha thelathini na kitu zisizoandikwa chochote nyuma, na kitambulisho kinachosema bibi alizaliwa 1 Januari 1930. Vifaa ni simu moja na daftari.

Ninachotaka kujua: (a) kumbukumbu za utotoni nizichuje vipi, maana nyingine sijui kama niliona au nilisimuliwa; (b) bibi mdogo nimhoji vipi asichoke, nami nisitoke mikono mitupu; (c) miaka niipateje. Ushauri wa "kaa naye tu muongee" nimeshausikia. Nataka hatua.

Karani_wa_Nasaba

Mkuu, mpangilio kwanza, kwa sababu ukikosea hapa hakuna kurudi nyuma: andika za kwako kabla hujaongea na mtu yeyote na kabla hujafungua bahasha ya picha. Ukishasikia toleo la binamu yako, kichwa kinalimeza na kulitoa tena kama lako, na mshono hautauona.

Umri una maana kubwa. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya tukio lolote lililotokea kabla ya miaka mitatu au mitatu na nusu, na kati ya hapo na miaka saba zilizopo ni vipande vipande. Kwa hiyo ukijikuta unakumbuka jambo la umri wa mwaka mmoja na nusu, liandike, lakini liweke moja kwa moja kwenye fungu la kusimuliwa au la picha. Kipimo kingine: je, unajiona mwenyewe ndani ya tukio, kwa mbali, kama mtu aliyepigwa picha? Na je, mandhari inaishia palepale inapoishia fremu ya picha iliyopo nyumbani? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, chanzo chako ni picha. Kujiona kwa nje peke yake hakutoshi kuwa hukumu, kwa sababu kumbukumbu ya zamani inayorudiwa mara nyingi hubadilisha mahali pa kutazamia.

Ukurasa mmoja, kumbukumbu moja. Gawa ukurasa mara tatu: nilichoona, nilichoambiwa, ninachokisia. Fungu la tatu ndilo linalookoa kazi. "Bibi alikuwa amekaa kizingitini, kiganja shavuni" hilo umeona. "Alikuwa na huzuni kwa sababu ya msiba" hilo mtoto wa miaka mitano hakuliona. Ama aliambiwa baadaye, ama mtu mzima analitia leo. Mtoto hushika vizuri mahali, mkao, harufu, sauti, mguso wa kitambaa, na maneno ya kukemewa. Hashiki sababu, miaka, wala nani ni nani kwa nani. Vipimo navyo usiviamini, kwa kuwa jicho lilikuwa chini, kwenye urefu wa kiuno cha mtu mzima, na ua wa hatua kumi ulionekana uwanja. Pima kwa mwili: kichwa chako kilifika wapi kwenye mlango, bega la bibi lilifika wapi kwenye rafu.

Tofautisha pia tukio na mazoea. "Kila jioni alifunga mlango wa nyuma kwanza" ni mchanganyiko wa jioni nyingi. Kwa mazoea ni ushahidi mzuri, kwa siku fulani hauna uzito.

Ukikwama, chora ramani ya nyumba. Anza mlangoni, chora kuta, madirisha, kitanda, kabati, kisha tembea kwa kalamu chumba hadi chumba ukiuliza: hapa alikaa nani, hapa kulikuwa na kitu gani sakafuni, mwanga uliingia upande gani. Hii hutoa vitu ambavyo swali la "unakumbuka nini" halivitoi. Dakika ishirini zinatosha, funga daftari, rudi baada ya siku mbili.

Umri wako katika kila tukio utafute kwa vigingi vya mwili na vya nyumbani: darasa ulilokuwa, mdogo wako alikuwa anatambaa au anatembea, meno ya mbele yalikuwepo au la. Meno ya chini ya mbele hung'oka kwa watoto wengi karibu na miaka sita hadi saba. Ukikumbuka ulimi wako unaingia kwenye pengo huku bibi akikusuka, una mwaka wako na mwaka mmoja wa kosa.

Kaseti_ya_Zamani

Kuhusu bibi mdogo. Watu huanza na maswali, mimi naanza na masikio, kwa sababu mahojiano mengi ya wazee huharibikia hapo bila mtu kutambua.

Uziwi wa uzeeni huondoa kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo s, f na sh ndizo hupotea. Ukipiga kelele sauti inapanda na maneno yanavurugika zaidi. Ongea polepole, kwa sauti nzito kidogo, uso kwa uso, umbali wa mita moja, na mwanga uangukie uso WAKO ili aone midomo. Muulize sikio lipi ni zima, ukae upande huo. Zima feni na redio. Na hili ni la muhimu kuliko yote: mtu asiyesikia vizuri hujibu "ndiyo" au "ee" kwa heshima. Swali lolote linalojibika kwa ndiyo au hapana litakupa ndiyo za uongo. Usiulize "bibi alikuwa mkali?" Uliza "akikasirika alifanyaje?"

Simu: iweke kwenye hali ya ndegeni, maana simu ikiingia katikati programu nyingi hukatisha kurekodi. Rekodi WAV (faili la sauti isiyobanwa) ikiwezekana, 48 kHz, biti 24, mono. Saa moja itakula karibu MB 518, kwa hiyo hakikisha una nafasi ya GB 2 kabla ya kuanza. Nafasi ikiwa finyu, M4A (sauti iliyobanwa) ya kbps 128 ni MB 58 hivi kwa saa na kwa maongezi inafaa. Usitumie ujumbe wa sauti wa programu za kuchati kama rekodi kuu, hukamua sauti mno. Simu ilale juu ya kitambaa kilichokunjwa, siyo meza tupu (kila kidole kitakachogonga meza kitasikika kama nyundo), sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, upande wa maikrofoni ukimwelekea yeye. Jaribu dakika moja, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uendelee. Mshale wa sauti ukicheza kati ya -12 na -6 dB uko salama, ukigonga 0 sauti imepasuka na haitengenezeki tena.

Anza kwa kutamka tarehe, mahali, majina na uhusiano, kisha uliza kama anakubali kurekodiwa na nani aruhusiwe kusikiliza. Swali hilo lirudie mwishoni. Mwanzoni hajui atasema nini, mwishoni anajua.

Dakika 45 hadi 60, asubuhi. Vikao vitatu vifupi vina faida kuliko kimoja kirefu, kwa sababu usiku wa katikati hukumbusha: kikao cha pili karibu kila mara hufunguka na "jana nilisahau kukuambia". Anza na mahali, usianze na mwaka. "Nielekeze: nikisimama mlangoni kwenu naona nini?" "Nani alilala chumba gani?" Akinyamaza, hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kusema neno. Akikosea mwaka, usimkatize, andika pembeni urudi baadaye.

Picha mwonyeshe moja moja na utamke namba: "picha ya saba". Vinginevyo utabaki na rekodi iliyojaa "huyu" na "yule pale" isiyomtaja mtu. Akionyesha kwa mkono, sema wewe: "umeonyesha urefu wa kiunoni."

Halafu kuna jambo ambalo naona halijatajwa. Wazee hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya umri wa miaka kumi hadi thelathini. Kama bibi mdogo ana 82 kweli, miaka yake minono inaangukia wakati dada yake ni mke na mama mwenye watoto. Ubinti wa bibi yeye aliuona akiwa mtoto. Kwa hiyo habari zake za huko nyuma nazo ni kumbukumbu za utotoni, na vipimo vyote alivyoandika Karani hapo juu vinamhusu yeye pia. Usimpe kila asemalo uzito mmoja kwa sababu tu ni mzee.

Kunakili: saa moja ya sauti ni saa nne hadi sita za kuandika, na zaidi watu wakiongea kwa pamoja. Kwa hiyo tengeneza kwanza faharasa, mstari mmoja kila dakika mbili au tatu: "12:40 – kisima, ugomvi na jirani". Kiswahili chake usikisafishe. Akisema "mwaka ule wa shida", acha hivyohivyo. Huenda ndiyo tarehe yenyewe.

Hesabu_Ndogo

(c) ni yangu.

1 Januari ni kalamu ya karani. Mtu asipojua siku, hupewa ya kwanza ya mwaka. Na 1930 inaishia na sifuri: palipo na umri wa kukadiria, watu hujilundika kwenye miaka inayoishia na 0 na 5. Kitambulisho chako basi kinasema "takriban 1930, labda" na hakuna zaidi.

Usitafute mwaka, tafuta uzio: si kabla ya, si baada ya. Mfano. Tuseme mtoto wake wa kwanza ana cheti cha 1951 na wa mwisho cha 1972. Kama alijifungua wa kwanza akiwa kati ya 16 na 25, alizaliwa kati ya 1926 na 1935. Kama wa mwisho alimpata kabla ya kuvuka 46, hakuzaliwa kabla ya 1926. Bibi mdogo akisema "dada alinibeba mgongoni", ongeza kwamba wamepishana miaka sita au zaidi, maana mtoto mdogo kuliko hapo ni nadra kubeba mtoto. Sasa una ncha tatu, na 1930 imo ndani. Hapo ndipo kitambulisho kinapata nguvu, kikiungwa mkono.

Vigingi vya nje tumia vyenye tarehe isiyobishaniwa: kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili 1945, watu kutua mwezini 20 Julai 1969, nyota yenye mkia ya Halley 1910 na 1986. Kupatwa kwa jua ni kigingi bora kuliko vyote, kwa sababu kwa mahali popote duniani tarehe na hata dakika hukokotolewa. Muulize: "jua lilipofunikwa ulikuwa umeolewa? Nani alikuwa mgongoni?" Tahadhari moja: matukio ya mbali huvutwa karibu. Anayesema "kama miaka thelathini iliyopita" mara nyingi anazungumzia zaidi ya thelathini.

Uliza pia anahesabu kwa mwezi au kwa jua. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo miaka 33 yake ni kama 32 ya kalenda ya kawaida. Miaka 82 ya Hijria ni 79 na nusu. Na saa: "alizaliwa saa mbili usiku" ni 20:00, wala si 02:00. Kosa hili limejaa kwenye programu za nasaba zinazojazwa na vijana.

Tumbo_Moja

Nyongeza fupi kuhusu majina ya udugu. "Ndugu", "babu", "baba" na "dada" ni maneno ya heshima kabla ya kuwa maneno ya damu. Baba anaweza kuwa baba mdogo, dada anaweza kuwa mtoto wa mama mkubwa. Kwenye mti wa ukoo andika viungo vitatu tu: mzazi, mtoto, mwenzi. Kila jina jipya likitajwa, uliza "amezaliwa na nani?" kisha "baba mmoja, mama mmoja?"

Kwa namba, mfumo wa zamani wa wahenga unafanya kazi hata kwenye daftari: wewe ni 1, baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, mama ni mara mbili ongeza moja. Baba yako 2, mama 3, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Wazazi wake bibi ni 14 na 15. Bibi mdogo hana namba humo kwa kuwa hakukuzaa wewe, mwandike 7-b au upendavyo.

Jihadhari na makosa mawili ya majina: mtu mmoja kugeuka wawili (jina la utotoni, la kwenye karatasi, la "Mama Fulani" ambalo nalo lilibadilika), na watu wawili kugeuka mmoja kwa sababu mjukuu alirithi jina la babu. Dalili ya hili la pili ni mtu anayeishi miaka 120 au aliyeoa mara mbili kwa kupishana miaka sitini.

Mjukuu_Mwandishi

Nashukuru sana wakuu, nimeshaanza ramani ya nyumba. Maswali mawili yamebaki. Wajukuu watano niwakutanishe au mmoja mmoja? Tayari wawili wanapingana: mmoja anasema bibi alichechemea mguu wa kulia, mwingine wa kushoto. Na picha niandike nyuma kwa kalamu gani?

Kaseti_ya_Zamani

Wakutanishe. Watu wakikaa pamoja mmoja humkumbusha mwingine, na vicheko vyenyewe ni habari. Mmoja mmoja utapata muhtasari mkavu.

Karani_wa_Nasaba

Hapana mkuu, wakutane BAADA ya kila mmoja kuandika peke yake na kukutumia. Baraza hukumbusha, ni kweli, lakini pia husawazisha: mwenye sauti kubwa hushinda, na kesho wote watano watasema mguu wa kulia. Watano wakilingana neno kwa neno ujue walishasimuliana, hesabu hiyo kama chanzo kimoja.

Mguu: andika yote mawili na majina yao. Kabla ya kuamua, uliza kila mmoja alikuwa amesimama wapi anapomwona. Aliyezoea kumwona akija na aliyezoea kumfuata nyuma huchanganya kulia na kushoto kirahisi. Kisha tazama picha za kusimama: uzito umeegemea wapi, fimbo iko mkono upi. Fimbo kwa kawaida hushikwa upande wa pili wa mguu mbovu. Ila hakikisha picha haikugeuzwa wakati wa kusafishwa. Vifungo vya shati, saa ya mkononi au maandishi ukutani yatakuambia.

Hesabu_Ndogo

Kwa hilo la baraza niko na Karani.

Picha: penseli laini, 2B au laini zaidi, ukingoni, bila kukandamiza, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya kitu kigumu na safi. Kalamu ya wino hupenya au huacha alama kwenye picha iliyo chini yake. Karatasi za picha zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, andika kwenye bahasha. Usizitie gundi, selotepu wala kuzilaminisha. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, ipige picha ikiwa hapohapo. Iliyonata kwenye albamu, pitisha uzi wa kusafishia meno usio na nta chini yake kwa kukereza taratibu, na ikikataa, acha.

Skana kwa dpi 600 (nukta kwa inchi). Picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoa pikseli 2400 kwa 3600 hivi. Zile ndogo za pasipoti tumia 1200. Kama ni simu: kivulini mchana, bila flashi, simu sambamba na picha, na piga nyuma pia hata kama ni tupu, kwa sababu mhuri wa studio au chapa ya kampuni ya karatasi ni dalili ya miaka. Usikate kingo. Majina ya faili: 007_mbele, 007_nyuma, namba ileile utakayoitamka kwenye rekodi ya bibi mdogo.

Nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae nyumba nyingine. Simu uliyorekodia huhesabu kama moja.

Mjukuu_Mwandishi

La mwisho: kuna jambo nililisikia nikiwa mtoto nyuma ya mlango, kuhusu mtoto mmoja wa bibi na baba yake halisi. Aliyehusika yu hai. Linaingia kwenye historia?

Tumbo_Moja

Kwenye mti wa pamoja, hapana. Ulilisikia nusu, ukiwa mdogo, na mwenye nalo yu hai. Ukurasa wake uandike kwa mafungu yaleyale matatu, utaona la kwanza lina sentensi moja au mbili tu: ulisikia sauti za nani na maneno gani. Tia kwenye bahasha, andika juu yake tarehe uliyoandika na masharti ya kufunguliwa, na usiweke nakala kwenye simu wala mtandaoni. Bibi mdogo usimuulize rekodi ikiwa inaendelea. Akiligusa mwenyewe, simamisha, muulize kama anataka liendelee kurekodiwa, na ufuate jibu lake.